Ghorofa ya Tatu

"Basi niambie sasa hivi," Hollis alisema. "Uliniuliza mbele ya watu: familia ipi? Nijibu wewe. Ipi?"

"Punguza sauti."

"Nimeipunguza mwaka mzima na miezi minne, Bi Mangal. Sina tena pa kuipunguzia."

Bi Mangal. Mtaa mzima wa Richmond Hill unaniita Babsie, jina nililotoka nalo Berbice, kwetu ng'ambo ya bahari, nikiwa mtoto, na maabara ninakotoa wagonjwa damu wananiita kwa jina la ukoo lililo kwenye beji yangu. Hollis peke yake huniita Drupattie. Hulitamka jina zima bila haraka, kama anavyopitisha kiganja juu ya ubao kuona kama umenyooka. Jioni ile alilikalia, hakulitamka.

Tulikuwa kwenye ngazi za nyuma za shule, kati ya ndoo ya kudekia na mlango wa jikoni. Ng'ambo ya ukuta watu walikuwa wakivuta viti. Kikao cha mwezi cha bodi ya mtaa kilikuwa kinaanza saa moja kamili, na mimi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nimejibanza pale na faili kifuani kama mwizi wa kuku.

"Ningefanya nini, Hollis? Mai alikuwa safu ya mbele."

"Mai anakaa safu ya mbele kila mahali."

"Ni mama wa marehemu mume wangu. Naishi nyumbani kwake."

"Najua unaishi kwa nani. Mimi ndiye ninayesimamisha mianzi yenu."

Hollis Jaikaran ana karakana ya mbao nyuma ya nyumba yetu, na ingawa ni Mlutheri wa kuzaliwa, hakuna Mhindu wa barabara zetu ambaye jhandi zake, zile bendera za ibada, hazining'inii kwenye mwanzi aliouleta yeye. Mume wangu alipofariki, miaka saba iliyopita, Hollis alikuja na mwanzi wa bendera zake, akausimamisha, akakataa malipo. Kila mwaka ule mwanzi unapooza huja kuubadilisha. Mwaka wa sita nilimpelekea chai uani, akanywa, akarudisha kikombe, na vidole vyetu vikachelewa kuachiana. Ndiyo hadithi yote. Kwa wanawake wa mandiri, hekalu letu, ingetosha kwa umbea wa miezi sita.

"Mimi sikukuomba utangaze ndoa," aliendelea. "Siku ile ya kamati Mzee Carbone aliuliza swali jepesi. Kuna mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji? Ungeweza kusema, 'Namfahamu, sitapiga kura,' ukaenda kunywa maji. Watu hufanya hivyo kila mwezi. Wewe ulisema nini?"

"Unajua nilichosema."

"Nataka kukisikia."

"Nilisema simfahamu zaidi ya kumwona barabarani."

"Ukaniambia nitaje jina langu kamili kwa ajili ya kumbukumbu."

Nikatazama ndoo. Asubuhi ya siku ile ya kamati nilikuwa nimekula vikeki vya nanasi jikoni kwake, mikono yangu ina unga wake, na jioni yake nikamtazama usoni nikamwomba ajitambulishe. Naye akajitambulisha. "Hollis Jaikaran, bibi." Hata hakusita.

Hilo lingetosha. Lakini mimi nikiingiwa na hofu huwa mkali, kosa langu la siku zote. Niliogopa mtu asije akaona nampendelea, kwa hiyo nikamshambulia kuliko wajumbe wote. Anaomba kibali cha kuongeza ghorofa ya tatu juu ya karakana yake ya ghorofa mbili. Nikauliza: ya nini? Nani ameiomba? Akasema ni ya familia. Nikasema, "Familia ipi, bwana? Fomu yako inasema unaishi peke yako." Ukumbi ukacheka. Hollis mke wake alimwacha zamani, kila mtu anajua. Walicheka wakijua, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Ghorofa ile aliichora kwa ajili yangu. Jiko kubwa, dirisha la mashariki, chumba kidogo cha binti yangu Anjanie akirudi kutoka chuoni. Nilikuwa nimekaa pembeni yake akichora. Mimi ndiye niliyesema sinki lisogezwe karibu na dirisha.

"Leo naifuta," Hollis alisema.

"Unafuta nini?"

"Ghorofa ya tatu. Wakiliita jina langu nitasimama, niseme naiondoa kwenye maombi. Wataandika, yataisha. Wewe hutakuwa na la kuuliza, na Mai wako, Anti Rookmin, atapata jua lake la asubuhi analoligombania."

"Na sisi?"

Alinitazama. Ana macho ya mtu aliyezoea kupima kwa kutazama tu, na kwa kawaida nikipimwa nayo najiona nimetosha. Jioni ile aliyaondoa mapema.

"Sisi tupo wapi, Bi Mangal? Nionyeshe. Arusini naweka kofia yangu kwenye kiti cha pembeni. Kwenye matanga ya shemeji yako niliweka. Watu wakiuliza nasema kuna mtu anakuja. Hakuna aliyewahi kuja. Mimi nina miaka hamsini na moja, sasa naonekana kama mzee anayetembeza kofia yake."

Akapanda ngazi, michoro imeviringishwa kwapani. Mlango ukajifunga. Nilibaki pale nikihesabu pumzi, kama ninavyowaambia wagonjwa wanaoogopa sindano. Kwao hufanya kazi.

*

Mlangoni nilimkuta Anjanie kwenye meza ya kujiandikisha, amemshika bibi yake kiwiko. Mai alikuwa amevaa shela yake nyeupe ya mandiri na ana karatasi mkononi.

"Ajee anataka kuzungumza," Anjanie aliniambia, kwa jina amwitalo bibi yake. "Nimejiandikisha na mimi, nimsomee akishindwa na miwani."

"Nani amekwambia nitashindwa?" Mai akasonya. "Babsie, mbona umepauka? Hujala tena. Nimekuwekea chapati za dhalpuri kwenye jiko."

"Nitakula nikirudi, Mai."

"Kila siku nikirudi, nikirudi." Akanitengeneza ukosi kwa vidole vyake vyenye harufu ya manjano, akaenda zake safu ya mbele.

Anjanie hakumfuata mara moja. Alinikaribia sikioni.

"Ma, umelia?"

"Vumbi."

"La mbao?"

Nikamgeukia. Alikuwa anaandika saa yake ya kufika kwenye karatasi, hana habari na mimi.

"Gari lako lina vumbi la mbao tangu mwaka jana," alisema. "Na wewe kazi yako ni kutoa watu damu. Sijasema kitu. Nilingoja useme."

Alivyosema kwa upole ndivyo nilivyoumia. Mtoto wa miaka ishirini alikuwa ananifichia siri ambayo mimi nilidhani nimeificha yeye asiione.

*

Nilikaa mezani mbele pamoja na wajumbe wengine, kila mmoja na kibao cha jina lake. Mzee Carbone, mwenyekiti wetu, alikuwa zimamoto kwa miaka thelathini na anaendesha kikao kama moto upo ghorofa ya chini. Ana kengele ya meza. Dakika mbili kwa kila msemaji, kengele, keti. Hata diwani ameshawahi kukatwa katikati ya neno.

Hollis alikaa safu ya mwisho. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Kofia aliiweka gotini.

Tukaanza na wananchi. Mzee Bacchus alisimama, kama kila mwezi, kulalamikia muziki wa gari la aiskrimu.

"Saa tatu usiku, mwenyekiti. Wimbo ule ule. Mbwa wangu sasa anauimba."

"Tumeandika mwezi uliopita, Bwana Bacchus."

"Basi andikeni kwa wino mwingine."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka nikiwa nimechelewa, na sauti yangu ikabaki peke yake. Kisha Carbone akaita, "Rookmin Mangal."

Mai hakuhitaji karatasi. Alishika kipaza sauti kama anavyoshika mwiko.

"Nina miaka sabini na sita. Kila asubuhi naoga, najaza lota yangu maji, natoka uani, namwagia jua. Mama yangu alifanya hivyo Berbice, na mama yake. Jua langu linatokea juu ya paa la huyo bwana saa moja na nusu. Akiongeza ghorofa, litatokea saa tatu. Saa tatu mimi niko kliniki ya magoti. Sasa mnataka niumwagie maji ukuta?"

Walipiga makofi. Mai akangoja yaishe. Anajua kungoja makofi.

"Mimi si mtu wa maneno mengi."

Mtu nyuma akakohoa.

"Kohoa tu, Sonny, nimekuona. Nasema hivi: nyumba yangu inaiheshimu bodi hii. Mkwe wangu huyo pale mezani, mjane wa mwanangu, Jumapili zote yuko barabarani anawakagulia majengo. Hata chakula cha mchana hali nyumbani. Nimemwambia pandit, nimewaambia wanawake wote mandirini, huyu Babsie anajitolea kwa mtaa huu. Kwa hiyo na mtaa umsikilize. Kamati yake imesema hapana. Nanyi semeni hapana."

Kengele ikalia. Mai aliitazama kana kwamba ndiyo iliyochelewa, akarudi kukaa.

Jumapili zote. Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa namwambia naenda kukagua. Nilikuwa nachukua na faili. Saa sita natoka, saa kumi narudi, na Mai ananiwekea maji ya miguu kwa sababu nimetembea sana. Miguu ile ilikuwa imekaa Jumapili nzima chini ya meza ya Hollis, nikila samaki wake, nikimwambia sinki lisogezwe. Na maji yale nilikuwa natumbukiza miguu na kusema asante.

Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni. Nikajua pia jambo lingine, la kijinga zaidi. Jua lile la Mai nalifahamu. Naanika nguo kwenye ua ule. Lakini tulipokuwa tunachora, mimi nilifikiria dirisha langu tu. Laiti Hollis angekuwa anaingia kwetu kwa mlango wa mbele, Mai angemweleza habari za jua lake kabla ya mstari wa kwanza, wangebishana nusu saa, na ramani ingetoka nyingine. Kuficha kwangu kumemharibia hata mchoro.

"Shauri la nne," Carbone alisema. "Jaikaran, kuongeza ghorofa moja. Kwanza taarifa ya kamati. Bi Mangal."

Hollis akasimama kule nyuma. "Mwenyekiti, kabla ya taarifa nina neno fupi. Litawapunguzia kazi."

"Taarifa kwanza, bwana, neno baadaye. Hapa tuna utaratibu. Bi Mangal."

Nikasimama na karatasi. Niliiandika mwenyewe wiki iliyopita, usiku Mai akiwa amelala, na nilijivuna kwamba ni nadhifu.

"Kamati ya ujenzi ilikutana tarehe tatu," nilisoma. "Wajumbe saba walihudhuria. Mwombaji alieleza mpango wake. Wajumbe wote waliulizwa kama wana uhusiano na mwombaji, na..."

Sentensi iliyofuata ilikuwa fupi. Hakuna aliyetangaza uhusiano wowote. Maneno manne ya mwongo. Nilifungua mdomo, ukabaki wazi.

"Na?" Carbone alisema.

Kule nyuma Hollis alikuwa bado amesimama. Hakunitazama. Alikuwa anakunjua michoro yake, na nikaona ana penseli, ile nene ya fundi. Alikuwa tayari ameitoa sikioni, aikate ghorofa ya tatu.

"Na mjumbe mmoja alidanganya," nikasema.

"Rudia hapo," Carbone alisema.

"Niliulizwa kama nina uhusiano na mwombaji. Nilisema hapana. Ninao. Nilikuwa nao siku ile, na Jumapili zote kabla ya siku ile."

Carbone akavua miwani. Si mtu mbaya. Nadhani alikuwa anajaribu kunisaidia nisizame zaidi.

"Ni uhusiano wa kibiashara?"

"Hapana."

"Wa damu?"

"Hapana."

"Sasa, bibi, kumbukumbu zinahitaji kujua ni wa namna gani."

"Ninampenda," nikasema.

Treni ikapita. Inapita kwenye daraja la reli juu ya Liberty Avenue kila baada ya dakika sita, na ukumbi ule madirisha yake hayajawahi kufunga vizuri. Ilichukua neno langu ikaondoka nalo mpaka kituo cha pili. Ilipokwisha, Carbone alikuwa ameegemeza sikio.

"Sijasikia. Treni."

Mungu ana njia zake za kumwadhibu mtu mwenye haraka.

"Nimesema ninampenda. Hollis Jaikaran. Nampenda mwaka sasa na miezi minne."

Hii waliisikia mpaka jikoni. Katibu wa bodi, kijana mpole anayeandika kwa kompyuta, akainua mkono kidogo. "Niandike... vipi?"

"Andika hivyo hivyo."

Kuna mtu alipiga mluzi. Mzee Bacchus akasema kwa sauti, "Afadhali mimi na aiskrimu yangu," na watu wakacheka, na nikajua kicheko kile. Ndicho nilichompa Hollis wiki mbili kabla. Sasa nilikionja mwenyewe, na kilikuwa na chumvi kama nilivyostahili.

Carbone akagonga kengele. "Kimya. Bi Mangal, kura ile ya kamati haisimami. Itarudiwa mwezi ujao, na wewe hutakuwepo mezani. Suala la kiti chako cha kamati..."

"Nakiacha."

"Sijakutaka ukiache usiku huu."

"Nakiacha sasa hivi, mwenyekiti. Lakini nina la kusema kuhusu ghorofa."

"Huwezi kusema kutoka mezani. Una maslahi. Ukitaka kusema, sema kama mwananchi, kwenye kipaza sauti kile, na orodha ilifungwa saa moja na robo."

Wote walijua kwamba Carbone hafungui orodha. Hakuifungua hata kwa diwani. Nilisimama pale na kibao cha jina langu mkononi, nisijue pa kukiweka.

"Mwenyekiti." Anjanie alikuwa amesimama kando ya bibi yake. "Mimi nipo kwenye orodha. Anjanie Mangal, namba sita. Nilijiandikisha kumsomea Ajee, naye amejisomea. Dakika zangu mbili hazijatumika. Nampa mama."

Carbone akashusha kidole kwenye karatasi yake mpaka namba sita. Akakaa nacho hapo.

"Dakika mbili," alisema.

Nikaweka kibao kifudifudi juu ya meza, nikashuka.

"Kaa chini, Babsie," Mai alisema nilipompita. Hakupaza sauti. Midomo yake ilisogea kwa shida.

"Muda wangu unaenda, Mai."

"Nasema kaa."

Nikashika kipaza sauti.

"Jina langu Drupattie Mangal, naishi nyuma ya karakana hiyo. Wiki mbili zilizopita nilimwuliza bwana huyu ghorofa ni ya familia ipi, nanyi mkacheka. Ni yangu. Jiko aliliwekea dirisha la mashariki kwa sababu mimi nilitaka. Yeye alijibu ukweli kwenye kamati yetu, mimi ndiye niliyefanya jibu lake lionekane kichekesho. Namwomba radhi mbele yenu, kwa kuwa ni mbele yenu nilipomdhalilisha."

Nikamgeukia Carbone.

"Sasa ujenzi. Mama mkwe wangu anasema kweli kuhusu jua, na hakuna aliyelipima isipokuwa mimi ninayeanika nguo pale. Jua lake halipiti juu ya paa zima. Linapita juu ya nusu ya nyuma, ile ya upande wetu. Akijenga ghorofa ya tatu upande wa Liberty Avenue tu, nusu ya nyuma akaiacha paa kama lilivyo, jua litafika uani saa moja na nusu ile ile. Jiko litakuwa dogo. Mimi sihitaji jiko kubwa. Naomba kamati mpya iangalie hivyo, na naomba mwombaji asiifute ghorofa yake leo kwa ajili ya hasira, kwa sababu hasira hiyo nimeisababisha mimi. Jumapili zile, Mai..."

Kengele.

"Muda," Carbone alisema, lakini hakugonga mara ya pili.

"Jumapili zile sikuwa nakagua," nikamalizia. "Maji ya miguu sikuyastahili."

Nikarudisha kipaza sauti kwenye mguu wake. Kikakataa kukaa, nikakilazimisha.

"Bwana Jaikaran," Carbone alisema, "ulikuwa na neno fupi."

Sikugeuka. Nilikuwa natazama zulia la shule, lenye picha za namba, na nilikuwa nimesimama juu ya saba.

"Nilikuwa nalo," sauti ya Hollis ilisema. "Nitalitunza. Naomba mwezi mmoja nirekebishe mchoro."

"Limeahirishwa. Shauri la tano, mapipa ya taka."

Hivyo tu. Maisha yangu yakafuatwa na mapipa ya taka.

Nikapiga hatua, nikakuta nipo mbele ya Mai. Kiti cha upande wake wa kulia, ambacho ni changu kila mahali, kilikuwa na mkoba wake juu yake. Hakuutoa.

"Jumapili zote?" aliuliza.

"Jumapili zote, Mai."

"Nikamwambia pandit."

"Najua."

"Akakutaja kwenye ibada. Akasema muigeni."

"Najua, Mai. Nilikuwepo."

"Umenifanya mjinga mbele ya wanawake wote wale. Chandrouti pale mandirini atacheka mpaka Diwali."

"Ndiyo."

Alikuwa anakunja na kukunjua ile karatasi ambayo hakuisoma. Macho yake yalikuwa na maji, lakini kidevu kilikuwa juu. Nilitaka kupiga magoti nimshike miguu. Nikajua kwamba nikifanya hivyo watu watatazama tena, na yeye ameshatazamwa vya kutosha kwa sababu yangu.

"Mwanangu alikuwa anampenda yule wa mianzi," alisema. "Alimwita ndugu. Hilo ndilo linaloniuma, usidhani ni jua peke yake."

"Sidhani."

"Leo usinishike mkono ngazini. Anjanie atanishika."

"Sawa, Mai."

"Na hiyo nusu ya nyuma." Alinyoosha karatasi kwenye goti, akaipiga pasi kwa kiganja. "Iandikwe. Mambo ya mdomo ya mafundi mimi siyataki."

"Itaandikwa."

Akageuza uso kuelekea mbele, kusikiliza mapipa. Mkoba ulibaki kwenye kiti. Anjanie alinigusa kiganja kwa kidole kimoja, akakiondoa bibi yake asije akaona.

Sasa nilikuwa na njia tatu. Meza haikuwa yangu tena. Mlango ulikuwa kulia, hatua kumi, na kwa kweli miguu ilishaanza kunielekeza huko, kwa sababu mtu mwenye aibu hutaka hewa. Ningesimama nje mpaka kikao kiishe. Hollis angenifuata, tungezungumza kwenye ngazi za nyuma, kando ya ndoo, kwa sauti ya chini. Kama kawaida yetu.

Nikageuka, nikatazama safu ya mwisho.

Alikuwa amekaa. Michoro ilikuwa imeviringishwa tena, ipo gotini, na penseli imerudi sikioni. Alikuwa anasikiliza habari za mapipa kwa makini sana, kama mtu ambaye hajawahi kusikia jambo zito namna hiyo. Kofia haikuwa gotini tena. Ilikuwa kwenye kiti cha pembeni.

Nikapita katikati ya viti vyote vile. Ni safu kumi na nne. Sonny akavuta miguu yake nipite. Mwanamke mmoja wa mandiri akasonya, wa pili akasogeza mkoba wake kana kwamba nitauiba. Mzee Bacchus alinipungia. Uso wangu uliwaka njia nzima na sikuufunika.

Hollis hakuinuka wala kunisalimu. Alinitazama, safari hii hakuharakisha, kuanzia viatu vya kazini hadi nywele.

"Kuna mtu anakaa hapa?" nikamwuliza.

"Yupo njiani," alisema. "Drupattie fulani."

Nikaichukua ile kofia, nikaiweka gotini kwangu, nikaketi.